Anayekaa kichwani: nusukaputi ya wanyama inavyofanya kazi

"Mekufa?"

Mzee mwenye punda aliniuliza hivyo huku mkono mmoja umeshika kofia na mwingine umekamata kamba ambayo haikuwa tena shingoni mwa mnyama. Punda wake alikuwa amelala ubavu juu ya turubai, chini ya kivuli cha mkungu, na macho yake yalikuwa wazi. Hayapepesi wala hayamfuati mtu. Mzee alikuwa ameshazika punda zaidi ya mmoja maishani mwake, na kwake macho ya namna ile yalikuwa na maana moja tu.

"Hajafa, mzee. Nipe mkono." Nikaviweka vidole vyake viwili chini ya taya la punda, pale mshipa unapokatiza ukingo wa mfupa. Akatulia. Midomo yake ikawa inahesabu bila sauti. Kisha akanitazama.

"Wapiga," akasema.

Kazi yangu ni hiyo. Daktari wa mifugo anapokuwa ameinama na kisu na uzi wake, mimi nakaa upande wa kichwa cha mnyama, na daktari simwangalii kabisa. Hapa Lamu nimekaa kichwani kwa punda, paka, mbuzi na mbwa wachache, na swali la mzee yule nimelisikia kwa sura nyingi. Atasikia maumivu? Ataamka? Mbona anatoa macho? Mbona mnamchoma sindano mbili? Mji huu unaishi kwa punda. Vichochoro vyake havipitishi gari, kwa hiyo mchanga, saruji, mawe ya kujengea na mitungi ya gesi hupita mgongoni mwa mnyama huyu, na tangu mwaka 1987 ufukweni pana kituo cha kuwatibu punda kilichoanzishwa na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Hata hivyo watu wengi wanaoleta wanyama wao kutibiwa hawajawahi kuelezwa kinachotokea baada ya sindano kuingia. Wanaambiwa "atalala kidogo," basi. Neno hilo "kulala" ndilo linaloficha kila kitu.

Usingizi ambao si usingizi

Ukilala usiku mbu akikuuma unajigeuza. Ukiitwa jina unaitika. Ulimi ukirudi nyuma ukaziba koo, unakoroma, unashtuka, unageukia upande wa pili. Mwili uliolala unaendelea kujilinda. Aliyepewa nusukaputi, yaani dawa za kumlaza ili apasuliwe, amenyang'anywa ulinzi huo: mate yakiingia njia ya hewa hakohoi, shingo ikipinda vibaya hainyooshi, akipoa hatetemeki. Kila kitu ambacho mwili wake ulikuwa ukijifanyia, sasa lazima mtu mwingine amfanyie.

Ndani ya nusukaputi mna mambo matatu, na moja linaweza kuja bila mengine. La kwanza ni kutojua: ubongo haupokei habari za dunia. La pili ni kutoumia. La tatu ni kulegea kwa misuli, ili daktari apate kufanya kazi bila mguu kurushwa. Mnyama aliyelegea anaweza kuwa anaumia. Asiyejua lolote anaweza kuwa na mwili unaopokea maumivu, na hapo utaona moyo unaanza kwenda mbio na pumzi zinakatika, ingawa hajatikisika. Ndiyo maana siku hizi hatutegemei dawa moja. Tunachanganya, kila dawa ishike kazi yake kwa kiasi kidogo, na mara nyingi juu yake daktari anaongeza ganzi ya kawaida, lignokeini, pale pale anapokata. Punda wa kuhasiwa akichomwa ganzi hiyo kwenye kamba za korodani anahitaji dawa ya usingizi kidogo zaidi, na anaamka bila kile kishindo cha maumivu.

Zamani haikuwa hivi. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na uvimbe wa shingoni ukapasuliwa bila mgonjwa kupiga kelele. Etha ilifanya kazi zote tatu peke yake, ila kwa dozi ambayo haikuwa mbali sana na kaburi. Watu wakajifunza kuisoma kama ngazi. Mwaka 1920 daktari wa Marekani, Arthur Guedel, aliipanga ngazi hiyo kwa hatua nne: mgonjwa anaanza kupoteza maumivu, kisha anapagawa na kurusha mikono, kisha anatulia kwenye hatua inayofaa kupasuliwa, na mwisho ni hatua ya pumzi kukoma. Macho yalikuwa kipimo kikubwa: mboni zimekaa wapi, zinacheza au zimetulia, kope inajibu au haijibu.

Ngazi hiyo ndiyo iliyomdanganya mzee wa punda, japo hajawahi kuisikia. Dawa tuliyotumia ni ketamini, iliyotengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1962, na yenyewe haipandi ngazi ya Guedel. Haiuzimi ubongo kama taa inavyozimwa. Inaukata ubongo na mwili visiongee. Macho yanabaki wazi, kope inaweza kujibu ukiigusa, mnyama anaweza hata kumeza. Wakati huohuo yuko mbali, hasikii kisu. Kwa kuwa hapepesi, jambo la kwanza ninalofanya akishalala ni kumpaka machoni dawa laini ya mafuta, kisha kuyafunika kwa kitambaa. Jicho lililokauka kwa nusu saa kwenye upepo wa kusi uliobeba mchanga linaweza kupata kidonda.

Ketamini peke yake inamkakamaza mnyama na kumtia wazimu, kwa hiyo hutanguliwa na zailazini, dawa ya kutuliza. Hiyo ndiyo sindano ya kwanza. Ikiingia, dakika chache baadaye kichwa cha punda kinashuka, mdomo wa chini unaning'inia, masikio yanalegea kila moja upande wake. Hapo panahitaji subira, na nimeona watu wakiikosa. Ukimchoma ketamini kabla kichwa hakijashuka vizuri, unamfungulia mlango wa kupagawa, na punda aliyepagawa ana miguu minne. Dawa hizi mbili zinavuta moyo pande mbili tofauti: zailazini inaupunguza mwendo na kubana mishipa, ketamini inausukuma. Kwa hiyo mapigo yanayopungua baada ya sindano ya kwanza hayanitishi. Mapigo yayo hayo yakishuka dakika ishirini baadaye yananitisha sana. Namba ni ile ile ila saa yake imebadilika, maana yake imebadilika pia.

Punda si farasi mdogo

Vitabu vingi vya dawa za wanyama wakubwa vimeandikwa kwa ajili ya farasi. Mwili wa punda unaichoma ketamini haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo muda wake ni mfupi. Daktari aliyezoea farasi anaweza kushangaa mgonjwa anaanza kuchezesha masikio kabla uzi wa mwisho haujafungwa. Ngozi ya shingo ya punda ni nene na chini yake pana msuli unaoufunika mshipa mkubwa wa damu, hivyo sindano lazima iingie kwa kusimama zaidi. Akihasiwa mishipa yake hutoa damu nyingi kuliko ya farasi, inafaa ifungwe kwa uzi, isiachwe ijizibe. Halafu kuna tabia yake: punda huficha maumivu. Farasi anayeumwa atajigaragaza na kutoa jasho, punda atasimama kimya ameinamisha kichwa, na mwenyewe atasema "leo kachoka tu."

Hata uzito wake ni tatizo. Hatuna mizani ya kumpandisha, na dozi yote inategemea kilo. Kukadiria kwa macho ni kucheza kamari na pumzi za mnyama. Nakumbuka siku watu watatu wazoefu walimtazama punda mmoja wakatoa makadirio yaliyopishana kwa kilo 60. Tunachotumia ni futi, ile ile ya fundi cherehani: mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na kimo kutoka chini hadi begani, kisha kuna jedwali lililotengenezwa kwa ajili ya punda wazima linalokupa kilo. Tepi za kupimia uzito wa farasi hazimfai, kwa sababu umbo lake ni jingine.

Chakula nacho kina masharti yake. Paka na mbwa huambiwa wasile kwa saa kadhaa kabla, ili wasitapike na kukivuta kile chakula mapafuni. Mbuzi ana tumbo linaloendelea kutengeneza gesi hata akiwa hajitambui, na mate yake hayakomi, kwa hiyo huwekwa shingo juu na pua ikielekea chini ili mate yatoke yenyewe. Punda kumshindisha njaa ni hatari ya aina nyingine kabisa: mwili wake ukikosa chakula hukimbilia kuyeyusha mafuta yake, damu inajaa mafuta, ini linaelemewa, na baadhi hufa kwa hilo wakati operesheni yenyewe ilikwenda salama. Mwenye punda aliyeambiwa na jirani "mfungie tangu jana asubuhi" amepewa ushauri mbaya. Muulize daktari wako saa ngapi hasa, na maji usimnyime. Na daktari awe aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama sheria ya mwaka 2011 inavyotaka. Mtu mwenye chupa na sindano bila usajili anajua kulaza tu.

Kidole, ufizi, pumzi, jicho

Sasa punda amelala. Nimemvua hatamu, kwa sababu chuma chake kikikandamiza shavu kwa muda kinaweza kuua neva ya uso, na punda akaamka na mdomo uliopinda. Mguu wa mbele wa chini nimeuvuta mbele ili uzito wa kifua usiukandamize. Nina kadi, kalamu na saa. Kila baada ya dakika tano naandika.

Kadi hiyo ina historia ninayoiheshimu. Harvey Cushing, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari Boston alipewa kumlaza mgonjwa kwa etha bila kufundishwa, na mgonjwa akamfia mikononi. Mwaka 1894 yeye na mwenzake Ernest Codman walianza kuandika mapigo na pumzi za kila mgonjwa kwenye karatasi yenye mistari, dakika kwa dakika. Mwaka 1901 Cushing akatoka Italia na mkanda wa kupimia shinikizo la damu, akauongeza. Faida ya kuandika ni kwamba inaonyesha mwelekeo. Pigo 44 haliniambii kitu kikubwa. Pigo 52, kisha 48, kisha 44, kisha 38, zimepangwa mstarini, zinaniambia kuna mahali tunaelekea.

Punda mzima aliyetulia moyo wake hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika, hupumua mara 12 hadi 28, na joto lake ni nyuzi 36.2 hadi 37.8. Naanzia hapo. Lakini hesabu ni nusu ya habari, nusu ya pili ni namna. Pumzi kumi ndefu, kifua kikipanda na kushuka pamoja na tumbo, ni bora kuliko ishirini fupi ambazo zinatikisa mbavu tu bila kuingiza hewa. Mnyama mzito akilala, matumbo yake yanasukuma mapafu. Pafu la chini linapata damu nyingi na hewa kidogo, la juu linapata hewa nyingi na damu kidogo, na kati yao oksijeni inapungua. Akilazwa chali ni vibaya zaidi. Ndiyo sababu naweka mkono mbele ya pua nisikie pumzi inatoka kweli. Kifua kinaweza kucheza huku njia ya hewa imeziba, kikawa kinakudanganya.

Kwenye ufizi nakandamiza kwa kidole mpaka pawe peupe, naachia, nahesabu. Uwekundu ukirudi chini ya sekunde mbili, damu inafika. Ukichelewa, moyo unashindwa kusukuma au mishipa imebana. Rangi nayo inasema: ya waridi ni nzuri, nyeupe inaweza kuwa damu imepotea au ni zailazini imebana mishipa, ya samawati ni oksijeni imepungua sana na tayari umechelewa.

Halafu pigo lenyewe, kwenye kidole. Hapa pana mtego ambao mimi mwenyewe nilichukua muda kuuelewa. Tunasema "pigo lina nguvu" tukidhani shinikizo la damu liko juu. Kumbe kidole hakisikii shinikizo, kinasikia pengo kati ya moyo unaposukuma na unapopumzika. Mnyama mwenye 120 kwa 80 na mwenye 90 kwa 50 wote wana pengo la 40, na kidole kitawasikia sawa. Wa kwanza wastani wake ni kama 93 (moyo hupumzika muda mrefu kuliko unavyosukuma, kwa hiyo wastani huegemea namba ya chini), yuko salama. Wa pili ni kama 63, na kwa punda au farasi hilo ni dogo: tunataka wastani usishuke chini ya 70, kwa sababu misuli mikubwa iliyolaliwa ikikosa damu huumia, na mnyama akashindwa kusimama. Kwa paka na mbwa mpaka ni 60. Kidole kinajua kama moyo upo na unakwenda kwa mpango gani. Mambo ya shinikizo yaachie mkanda.

Na jicho, ambalo ketamini imeliharibia lugha yake, bado lina maneno machache. Punda anayeanza kurudi mboni zake zinacheza huku na huku, machozi yanatoka, kope inajibu kwa haraka, sikio linarukaruka. Jicho lililoganda, mboni imepanuka, kope haijibu kabisa, huyo amezama mno. Nikiliona hilo namwambia daktari asimame, na kila daktari mzuri niliyefanya naye kazi husimama bila kuuliza kwa nini.

Mashine inasema nini, na nini haisemi

Watu hupenda kuona kile kibano chenye taa nyekundu kwenye ulimi wa paka, namba zinacheza, wanaona hapa ni hospitali kweli. Kibano hicho, kipima oksijeni, kimetokana na wazo la mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi, aliyelitangaza mwaka 1974. Kinapitisha mwanga wa aina mbili, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu iliyobeba oksijeni huuachia mwanga mwekundu upite kwa wingi, isiyo nayo huuzuia. Kibano kinaangalia tu kile kinachobadilika kwa kila pigo, kinalinganisha mianga miwili, kinakupa asilimia. Namba ya 95 kwenda juu tunaifurahia. Ikiwa 90, wengi hudhani imepungua kidogo tu. Siyo kidogo. Damu hushikilia oksijeni yake kwa ukaidi mpaka karibu na hapo, kisha huanza kuiachia kwa kasi, kama mtu anayeshuka mteremko wa polepole kisha akafika ukingo wa gati. Chini ya 90 ni ukingoni.

Lakini kibano kina udhaifu wake. Kinahitaji pigo lifike ulimini, na zailazini ikibana mishipa hakioni kitu, kinatoa namba ya kutisha kwa mnyama aliye salama. Ulimi ukikauka, au kibano kikiubana muda mrefu, vivyo hivyo. Naulowesha, nakihamisha, naangalia tena. Nikiona 82 siangalii mashine tena, naangalia ufizi na kifua.

Upande wa pili ni wa hatari zaidi. Mnyama anayevuta oksijeni tupu kutoka kwenye mtungi anaweza kuacha kupumua na kibano kikaendelea kusema 98 kwa dakika kadhaa, kwa sababu akiba ipo. Kuwa na oksijeni na kupumua ni mambo mawili. Kinachokuambia kuhusu kupumua ni kipima hewa ya ukaa, kinachokaa mwishoni mwa mrija ulioingizwa kooni. Kila pumzi inayotoka inachora kilima, na kilele chake kwa kawaida ni kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Kilima kikipanda kuliko hapo, mnyama hapumui vya kutosha, ukaa unamlundikia. Kikiporomoka ghafla, aidha mrija umechomoka au moyo umesimama. Ningeambiwa nichague mashine moja ya kuongeza kwenye chumba chetu ningechagua hiyo. Vituo vingi vya mwambao vinafanya kazi bila hiyo, na ndiyo maana mkono mbele ya pua bado ni kazi ya kudumu.

Paka na baridi ya Lamu

Ukimwambia mtu wa Lamu kwamba paka aliyefungwa kizazi mjini hapa anaweza kuugua baridi, atacheka, hasa kabla ya masika. Lakini fikiria: paka wa mtaani ana kilo mbili na nusu. Tumbo limenyolewa, limepanguswa kwa spiriti, limefunguliwa. Dawa zimezima mtetemo wake. Damu ya moto iliyokuwa imehifadhiwa katikati ya mwili imemwagika kuelekea ngozini, na kushuka huko kwa joto hutokea zaidi katika nusu saa ya kwanza. Ukisubiri operesheni iishe ndiyo umfunike, umechelewa. Paka aliyepoa dawa hazimtoki, moyo unakwenda polepole, anachelewa kuamka. Moyo wa paka chini ya mapigo 100 kwa dakika tunautilia shaka. Tunamfunga miguu kwa soksi za mtoto, tunamlaza juu ya blanketi, tunaweka pembeni chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kanga. Uvuguvugu, siyo moto: asiyesikia hawezi kujisogeza, na ataungua hapo hapo alipo.

Mwanzoni mwa kazi yangu, mahali ambapo si hapa ninapofanya sasa, tulifunga kizazi paka wengi kwa siku moja. Jike mmoja mweupe, mwenye madoa ya kahawia begani, alikwenda vizuri kuliko wote. Uzi ulifungwa, damu haikutoka, sote tuliridhika. Tukamlaza kwenye kikapu, tukageukia wa pili. Hakuna aliyeambiwa akae naye. Ukingo wa kikapu ulikuwa juu kidogo, kidevu chake kikaangukia kifuani, na koo likapinda. Paka mwenye akili zake angenyoosha shingo. Tulipomgeukia, robo saa baadaye, ufizi ulikuwa rangi ya jivu. Mama aliyemleta alikuja jioni na kikapu kingine amekitandika kitambaa cha kijani. Nilimweleza mimi. Sijasahau alivyokikunja kile kitambaa, mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo cha kuenea kiganjani.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba tulichokosea kinajulikana. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia mbwa zaidi ya 98,000 na paka zaidi ya 79,000, ulikuta kwamba anayekufa kwa sababu ya nusukaputi au dawa ya kutuliza ni mbwa 1 kati ya 601, paka 1 kati ya 419, na sungura 1 kati ya 72. Kwa farasi, uchunguzi wa mwaka 2002 ulikuta karibu 2 kati ya 100. Lakini kilichonifanya niiweke chini karatasi ile ni hiki: paka waliokufa, zaidi ya nusu walikufa baada ya operesheni kwisha, na wengi wao katika saa tatu za mwanzo. Saa zile ambazo mikasi inaoshwa, watu wanakunywa chai, mwenye mnyama ameambiwa yote yamekwenda sawa. Na paka waliohesabiwa mapigo na kuvalishwa kibano cha oksijeni hatari yao ilikuwa ndogo sana kuliko walioachwa bila hivyo.

Tangu siku ya yule jike, mnyama wa pili haanzi kwangu mpaka wa kwanza ameinua kichwa mwenyewe na kukishikilia. Daktari akiwa na haraka, tunabishana.

Kurudi

Zailazini ina dawa ya kuigeuza. Ketamini haina. Kwa hiyo ukimharakisha mnyama kwa kuiondoa zailazini mapema, unamwachia ketamini peke yake, na anaamka kakakamaa, anaona mambo yasiyokuwepo, anajipigiza. Mara nyingi subira ndiyo dawa iliyobaki.

Punda wa mzee alianza na sikio la juu. Kisha akameza. Kisha mboni zikaanza kucheza, na mzee akasogea aishike kamba.

"Mwache kwanza, mzee wangu."

"Si ameamka?"

"Kichwa kimeamka. Miguu bado."

Farasi wengine hurushwa na woga wakati huu, hata wakajivunja miguu. Punda, Mungu amempa utulivu. Alijigeuza akalalia kifua, akakaa hivyo dakika kumi na mbili akitazama ukuta, na mimi nikaendelea kuandika. Halafu akainua matako kwanza, kama ng'ombe, akabaki amepiga magoti ya mbele kwa muda, mzee anamsomea dua kwa sauti ya chini, kisha akasimama wima. Kwenye kadi nikaandika: saa tano na dakika arobaini, amesimama.

Nikamweleza mzee: maji sasa hivi, majani akishameza maji vizuri, shogi asimtupie mgongoni mpaka daktari aseme, kidonda akitazame asubuhi na jioni. Alinisikiliza lakini mkono wake ulikuwa umeshafika chini ya taya la punda, vidole viwili, pale pale.

"Usiku nikimhesabu," akauliza, "iwe ngapi?"

Nikamwambia kati ya thelathini na sita na hamsini na mbili, kwa dakika nzima ya saa. Akairudia namba hiyo mara tatu, akamshika punda wake kamba, wakashika njia ya Langoni polepole.